Nani Aliyemwita Zimwi?

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo hunijia kila nifikiriapo Carmilla, hadithi ya kutisha ya Sheridan Le Fanu wa Ireland, iliyotolewa jaridani kwa mfululizo kati ya 1871 na 1872, miaka 25 kabla ya Dracula ya Bram Stoker.

Carmilla ni msichana mnyonya damu. Anamjia msichana mwenziwe, Laura, katika kasri la upweke huko Austria, na maneno anayomwambia ni ya mahaba wala si ya urafiki mtupu. Mwishowe wanaume wanafukua kaburi lake, wanamchoma kigingi moyoni, wanamkata kichwa na kumteketeza. Hata hivyo Laura, asimuliapo miaka mingi baadaye, bado hudhani anasikia hatua zake mlangoni.

Kwa nini mpenzi huyu alivikwa meno ya zimwi? Kwa maoni yangu, mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke hayakuweza kutajwa waziwazi enzi zile. Yalisimulika tu yakivishwa vazi la mzimu, kisha yakauawa.

Tusidhani hayo ni ya ng'ambo pekee. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi, Jambula Tree, kuhusu wasichana wawili wa mtaa wa Nakawa, Kampala. Humo hamna kasri wala jeneza. Kinachotisha ni jicho na ulimi wa jirani. Sisi wakazi wa Kariobangi, ambako ukuta mmoja hugawa nyumba mbili, twaielewa hofu hiyo bila kufasiriwa.

Hadithi hiyo ndiyo chanzo cha Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyopigwa marufuku nchini Kenya Aprili 2018. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Kahiu alieleza kwamba Bodi ya kuainisha filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, kwani ulikuwa na matumaini mno. Naam, karibu miaka 150 baada ya Carmilla, bado ilitakiwa wapenzi hao waadhibiwe ndipo hadithi ikubalike!

Sisemi mwanafunzi ashurutishwe kukubali au kukataa lolote. Nasema asome kwanza, kisha aulize ni nani aliyemwita mhusika zimwi, na kwa faida ya nani. Akinyamazishwa darasani, swali hilo atalipeleka kwingine. Na huenda kati ya madawati yale ameketi mmoja anayesikiliza kwa makini, apate kujua iwapo yeye naye ni zimwi. Mwalimu, utamjibu nini?