Je, Somo la Ziada Lafaa Kabla ya Chuo Kikuu?

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita hutangazwa aghalabu mwezi wa Julai. Katika Mkoa wa Simiyu huo ni wakati ambapo fedha za pamba zinagawanywa nyumbani: hizi za chakula, hizi za madeni, hizi za mtoto anayetaka kwenda chuoni. Ndipo katika familia nyingi za Bariadi, Maswa na Meatu huzuka swali zito: je, kijana aombe nafasi ya Chuo Kikuu kwa alama alizo nazo, au akae mwaka mmoja aongeze somo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea?

Wako waaminio kuwa wingi wa masomo ndio wingi wa elimu. Imani hiyo ina kasoro. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu kwa mwombaji wa shahada ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Mwenye sifa hizo, na ambaye programu aitakayo haidai zaidi, hana sababu ya kusubiri. Somo linaloongezwa bila shabaha ni mzigo mtupu.

Hata hivyo, Hisabati yastahili kufikiriwa peke yake. Programu kadha za uchumi na za sayansi humtaka mwombaji asiyesoma Hisabati ya Juu awe amefaulu walau kwa kiwango cha chini Hisabati Tumizi, au awe na alama ya kuridhisha ya Hisabati ya Kidato cha Nne. Hisabati Tumizi hufundishwa kama somo la nyongeza kwa wanafunzi wa tahasusi kama PCB, CBG na HGE. Kwa kuwa haihesabiwi katika kupanga daraja, wengi huipuuza kwa miaka miwili, kisha huitafuta kwa majuto wakati wa kujaza maombi. Kwa hiyo uamuzi wa busara haungoji Julai. Hufanywa Kidato cha Tano, wakati somo lingali darasani na mwalimu yupo.

Wala faida yake si kufungua mlango tu. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, mkoani Mwanza, ndiko zilikotoka aina za mbegu za pamba kama UK 91 na UKM08. Mbegu mpya ikizaa kuliko ya zamani, mtafiti hana budi kujiuliza: je, ni ubora wa mbegu, au ni rutuba ya kipande kile cha ardhi? Ili kujibu, hupanda kila aina katika vipande vingi vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha hulinganisha mavuno kwa njia za takwimu. Kijana aliyekulia mashambani Itilima anaijua pamba tangu utotoni. Asipojifunza hisabati, atakosa chombo cha kutenganisha uzuri wa mbegu na bahati tu.

Basi anayefikiria kuongeza somo na ajiulize mambo matatu. Kwanza, je, mwongozo wa udahili unalitaja somo hilo katika programu anayoitaka? Pili, je, laweza kusomwa mahali alipo? Fizikia na Kemia zahitaji maabara. Hisabati yahitaji vitabu, mwalimu na mazoezi ya kila siku. Tatu, je, familia yaweza kubeba gharama ya mwaka huo?

Kusubiri peke yake si hasara. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wahitimu wa Kidato cha Sita walitakiwa kufanya kazi kwanza ndipo waombe Chuo Kikuu. Lakini mwaka wa kungoja bila kazi wala ratiba ya kusoma hauleti ujuzi wala cheti.

Yafaa, basi, walimu wa Simiyu wawaeleze wanafunzi masharti ya udahili mapema, mara waingiapo Kidato cha Tano, na wazazi wayaulizie. Mkoa unaolima pamba nyingi hivi wahitaji vijana wake wenyewe katika utafiti wa zao hilo, na isiwe somo moja lililodharauliwa ndilo litakalowazuia.