Niliita Picha Zake Upuuzi



Leo naanza na ungamo. Nikimaliza nitakuwa na neno kwako mzazi, kwako mzee wa kanisa, na kwako kijana unayekesha na kompyuta.

Kuna kijana wa kwetu kanisani, sitamtaja, ambaye kila asubuhi alikuwa akituma picha moja kwenye kikundi cha vijana. Haikuwa picha yake mwenyewe wala ya chakula. Yalikuwa maumbo ya ajabu: konokono ndani ya konokono, manyoya ya tausi yanayozaa manyoya mengine, matawi yanayogawanyika mpaka jicho linachoka kuyafuata. Hakuweka maelezo. Aliandika tu "Picha ya 41. Mbarikiwe." Kesho yake, "Picha ya 42. Mbarikiwe."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema yale maduara ni macho ya Illuminati. Mwingine akasema, kijana mzima, amemaliza chuo, hana kazi, na kutwa anacheza na rangi badala ya kutafuta kibarua. Wakaniletea mimi. Nami sikumwuliza kitu. Sikufungua hata picha moja nikaitazama vizuri. Nilisimama Jumapili nikahubiri juu ya vijana wanaopoteza wakati kwa upuuzi wa mitandaoni. Jina sikulitaja, lakini vichwa viligeuka kumtazama.

Jumatatu hakukuwa na picha. Jumanne pia. Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na ile iliyofuata vilevile.

Wiki ya tatu mama yake alinipigia simu. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Pasta, zile picha ndizo zilikuwa zinamtoa kitandani."

Mpendwa, nimesomea Biblia chuoni, na Mithali 18:13 naijua tangu zamani. Pale Neno linamhesabu kuwa mpumbavu mtu anayejibu kabla hajasikiliza. Mimi nilifanya zaidi ya kujibu. Nilihubiri.

Basi nikaenda kwao. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, kisha nikamwambia, "Nifundishe. Hiki kitu ni nini?"

Akanipa kalamu na karatasi. "Pasta, anza na sifuri. Kila mara chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa yenyewe, halafu ongeza 1. Jibu utakalopata, lirudie hivyo hivyo." Nikaandika: 0, 1, 2, 5, 26, 677. Akacheka. "Hiyo imekimbia, haitarudi. Sasa fanya vilevile, lakini badala ya kuongeza 1, toa 1." Nikaandika: 0, hasi 1, 0, hasi 1, 0. "Hiyo imebaki nyumbani," akasema. "Hata urudie mwaka mzima haitatoka."

Siri yote ni hiyo. Kompyuta inafanya hesabu kama ile kwa kila nukta ya skrini, kwa namba za aina ya pekee zenye pande mbili, upande mmoja wa kulala na mwingine wa kusimama. Nukta ambayo hesabu yake inabaki nyumbani inapakwa nyeusi. Ile inayokimbia inapakwa rangi kulingana na ilivyokimbia haraka. Hakuna mtu aliyechora jicho wala pembe. Na hii si akili unde ya kuandika maneno ukaletewa picha. Ni hesabu fupi, imerudiwa mara nyingi mno.

Kisha akanivuta kwenye mpaka, pale weusi unapokutana na rangi. Akakuza, yakatokea maua. Akakuza ua moja, zikatokea mbegu. Akakuza mbegu moja, na katikati yake ilikuwepo picha ile ile tuliyoanza nayo, ndogo, imejificha. "Pasta, haina mwisho," akaniambia. "Kompyuta ndiyo inachoka."

Picha za namna hii zinaitwa fraktali. Jina hilo lilitungwa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, mwanahesabu Myahudi aliyezaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1924. Familia yake ilihamia Ufaransa alipokuwa mtoto, na wakati wa vita aliishi kwa kujificha. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, na mwaka 1980 ndipo alipoliona kwenye kompyuta umbo ambalo leo linaitwa kwa jina lake. Neno fraktali alilitoa kwenye Kilatini, na asili yake ni kitu kilichovunjika. Niliposikia hivyo nilinyamaza. Nilikuwa nimeketi kando ya kijana aliyevunjika, na mmoja wa waliomvunja alikuwa mimi. Daudi katika Zaburi ya 51 alijua kwamba Mungu hamfukuzi mtu wa namna hiyo. Sisi tulimfukuza kwa macho tu.

Sasa wewe unayesema hayo ni mambo ya wazungu, au ya giza, tembea kidogo. Tazama mwembe: tawi linatoa tawi, nalo linatoa vitawi, na kila kipande kinafanana na mti mzima. Kata koliflawa jikoni uone kipande kidogo kinavyoiga kile kikubwa. Mapafu yako yenyewe ni njia inayogawanyika, ikagawanyika tena na tena, ili pumzi ienee. Msusi naye, akikusuka mistari inayoanza nyembamba usoni na kunenepa kuelekea kisogoni, anarudia umbo moja kwa ukubwa tofauti.

Yupo mtafiti Mmarekani, Ron Eglash, aliyetoa kitabu mwaka 1999 juu ya fraktali za Afrika. Mojawapo ya mifano yake ni kijiji cha Waila kusini mwa Zambia. Kila familia imejenga boma la duara, na maboma hayo yakipangwa pamoja yanafanya duara kubwa la kijiji kizima. Mababu zetu walijenga hivyo kabla ya kompyuta. Kwa hiyo usimwambie kijana wako ameokota kitu kigeni. Ameokota kitu kilichokuwa kwenye ua wa bibi yake.

Naye, je, anafanya nini hasa, kama hesabu ndiyo inayozaa umbo? Nilimwuliza hivyo. Akasema, "Mimi natafuta." Anachagua pa kukuza, pa kusimama na rangi gani iende wapi. Wakati mwingine anatumia programu ya bure iitwayo Apophysis, inayotengeneza fraktali zinazofanana na moshi au ndimi za moto, mtindo uliobuniwa na Scott Draves mwaka 1992. Kompyuta yake ni ya zamani, kwa hiyo anaiacha ikifanya kazi usiku kucha. Stima ikipotea saa tisa, anaamka hana kitu, anaanza upya. Hapo nilimwonea huruma, halafu nikamheshimu. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kupoteza kazi ya usiku mzima na asubuhi tukaanza tena bila kulaani mtu?

Basi nina neno langu.

Kwako mzee wa kanisa: usiite giza kila kitu ambacho hujakielewa. Soma Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu, na kazi aliyopewa haikuwa kuhubiri wala kutabiri. Ilikuwa kubuni, kuchonga, kutengeneza vitu vizuri vya kutazama. Kama Roho anaweza kuketi kwenye karakana ya fundi, kwa nini ashindwe kuketi kando ya kompyuta? Uliza kwanza. Ukishauliza na ukaona uovu, kemea. Lakini uliza kwanza.

Kwako mzazi: najua unachosema. Picha hazilipi kodi ya nyumba. Ni kweli, na mimi sitamwambia kijana aache kutafuta kazi. Lakini yule wa kwetu alikuwa akipeleka barua za maombi ya kazi mchana na kutengeneza picha usiku. Tulipoondoa picha, barua nazo zilisimama. Mtu akiwa amekataliwa kila mlango, kile kitu kimoja anachoweza kukianza na kukimaliza kwa siku ndicho kinachomkumbusha kwamba bado ni mtu. Nabii Zekaria alionya juu ya kuidharau siku ya mambo madogo. Zaburi ya 104 nayo inasema Mungu aliumba mnyama mkubwa wa baharini ili acheze humo. Kama Mungu amempa mnyama nafasi ya kucheza, wewe unamnyima mwanao saa moja?

Kwako kijana unayetengeneza na kutuma: nakupenda, kwa hiyo nakuambia ukweli. Ile picha ni zawadi ukiitoa na kuondoka. Inageuka kuwa mnyororo ukiitoa kisha ukakaa kuhesabu laiki. Yesu katika Mathayo 6 aliwasema watu wanaotoa sadaka na kupiga tarumbeta, kwamba malipo yao wameshayapata. Kama laiki tatu zinakuharibia siku, pumzika wiki moja, tengeneza bila kumwonyesha mtu, uone kama furaha bado ipo. Na ikikuibia maombi, usingizi na watu wa nyumbani kwako, punguza.

Kumbuka pia ile hesabu. Jibu la leo ndilo unaloanzia kesho. Maisha yako ya kila siku yako hivyo: unachorudia ndicho kinachokuchora. Ukirudia uchungu, utapata uchungu uliokua. Ukirudia kitu kidogo chema, leo na kesho na kesho kutwa, ipo siku mtu atakukuza akutazame kwa karibu na kukuta wema umejificha mpaka kwenye vitu vyako vidogo kabisa.

Jumapili iliyopita nilisimama pale pale niliposimama siku ile, nikasema mbele ya kanisa kwamba nilihukumu nisichokijua. Jina sikulitaja safari hii pia. Alikuwepo, ameketi nyuma karibu na mlango, na alipotoka alinishika mkono.

Kwenye kikundi bado hajarudi, na mimi simsukumi. Lakini leo alfajiri simu yangu ililia. Alikuwa ameituma kwangu peke yangu: matawi ya buluu juu ya weusi, kama mto unaotazamwa kutoka angani. Chini yake aliandika, "Picha ya 88. Mbarikiwe, Pasta."

Mpendwa, leo sikuombi uandike Amina hapo chini. Yupo mtu nyumbani kwako ambaye ana kitu kidogo anachokifanya kila siku, na hujawahi kumwuliza ni nini. Weka simu chini, nenda ukamwulize, kisha kaa usikilize mpaka amalize.

Bwana akubariki.