Muacheni Susu Aendeshe Baiskeli

Niliposti klipu ya sekunde 40 ya susu yangu akijifunza baiskeli huko Makueni. Komenti ya kwanza: "Huyu atavunjika kiuno." Ya pili: "Kwani mmekosa pesa ya nduthi?" Ya tatu siwezi kuiandika hapa. Na wacha niseme ukweli, hata mimi nilirekodi nikicheka. Ndio maana naandika hii.

Susu ana miaka 64. Ana presha, na kliniki walimwambia ameze dawa na pia mwili usonge. Akajaribu kutembea, goti likakataa. Asubuhi moja akatoa stoo ile Black Mamba ya marehemu babu, akapanguza vumbi, akaniambia, "Nishikie kiti."

Miaka 64, na hajawahi kushika usukani. Amebebwa, ndio. Kwa keria, miguu upande mmoja, mtoto mgongoni. Anasema wakati wao msichana akionekana juu ya baiskeli, mtaa mzima ulikuwa unajua kabla afike nyumbani. Kwa hivyo nyinyi mnaouliza mbona anaanza sasa: alikuwa aanze lini?

Upande wa mama ni Kitui, karibu na Mutomo, na huko hadithi imegeuka. Babu wa huko alikuwa anafunga mitungi minne ya lita 20 kwa baiskeli. Lita 80 za maji, kutoka kwa kisima cha mchanga mtoni hadi nyumbani, na kwa kilima anashuka anasukuma. Hiyo ilikuwa jimu bila kadi. Leo babu huyo anaitisha nduthi kwenda duka ambalo hata kilomita moja haifiki, halafu analalamika kwamba miguu imekuwa mizito.

Sina ugomvi na nduthi. Kuna akina mama wamefikishwa hospitali usiku na nduthi, na hakukuwa na gari lingine. Lakini jina boda boda lilianza kwa baiskeli, vijana wa Busia wakivusha watu mpaka wa Kenya na Uganda. Mwaka wa 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa kila stegi, na baiskeli ikabaki alama ya mtu aliyekosa. Sisi vijana tumeikubali hiyo akili bila kuuliza. Mtu akiendesha baiskeli Karura na helmeti ya bei, tunasema anajipenda. Mzee akiendesha Wote, tunasema watoto wake wamemtupa.

Manze, hapo tunakosea vibaya. Kila mwezi tunachanga pesa ya dawa kwa grupu ya familia, lakini kitu kinachoweza kumsaidia mzee kabla hali iwe mbaya tunakifanyia mzaha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hata akiwa amepita 65. Ni nusu saa, siku tano. Na kwa mtu wa goti kama susu, baiskeli ina faida moja kubwa: uzito wa mwili unakaliwa na kiti, goti linazunguka tu bila kugonga chini. Moyo unafanya kazi, goti halilii sana.

Kuna mzee Mfaransa, Robert Marchand. Alirudia baiskeli akiwa amepita miaka 60. Mwaka wa 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24 na ushee kwa saa moja. Akiwa 102 akarudi uwanjani akapita 26. Alikufa 2021 na miaka 109. Sisemi susu atafika huko. Nasema 64 si mwisho wa kitu chochote.

Sasa, yule wa komenti ya kiuno hakukosea kabisa. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni ni balaa. Siku ya kwanza na Black Mamba ilikuwa upuzi wangu: baiskeli ndefu, nzito, chuma ya juu inanasa leso. Tukaiacha. Tukatafuta ya mtumba, ile ya chuma iliyoinama katikati, tukashusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Halafu tukatoa pedali. Siku kadhaa alikuwa anajisukuma tu na miguu kwa uwanja wa shule, kama mtoto, mpaka mwili ukajua kujishikilia. Pedali tulirudisha baadaye. Siku ya tisa alitoka goli hadi goli peke yake, na hiyo sikurekodi kwa sababu nilikuwa nakimbia kando yake nikipiga kelele.

Tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua la Ukambani halijakasirika. Barabara kuu hatugusi, malori hayana huruma. Mchanga mwingi ukitokea, anashuka anasukuma, hakuna aibu. Miiba nayo ni shida kubwa kuliko presha: tumeziba pancha nne kwa wiki mbili, na sasa viraka na pampu vinakaa kwa kikapu pamoja na maji. Dawa hajaacha na hataacha mpaka kliniki waseme. Na siku zingine bado anatembea polepole shambani, kwa sababu mifupa inataka kubeba uzito pia, na hiyo baiskeli haikupi.

Babu wa Mutomo ameona klipu. Alinipigia kuuliza kama ile baiskeli yake ya mitungi bado inaweza kupata tairi. Nimemwambia fundi ataangalia.

Susu naye anataka kengele. Eti kuku wa jirani hawampishi.