Likizo ikifika, nani anabaki na kuku wa shule?

Shule zikifungwa walimu wengi hufunga mizigo na kwenda kwao. Mwalimu wa kilimo haondoki kirahisi. Kuku wanataka maji kila siku, chanjo ya kideri ina tarehe yake, na mchicha usipomwagiliwa siku chache za jua kali, kazi ya muhula mzima inakauka. Nyumbani nako mwenza na watoto wanamngoja.

Shule zetu zina mashamba tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, nao umeyapa uzito mafunzo ya amali, kilimo kikiwamo. Kwa hiyo mwalimu huyu tunamhitaji sana. Ila kijana aliyesomea kilimo pale SUA, Morogoro, ana milango mingine: maduka ya pembejeo, miradi, kazi ya ugani au shamba lake mwenyewe. Akichoka anaaga, na watoto wanabaki kujifunza kilimo kwa kunakili ubaoni.

Mimi naliangalia suala hili kwa jicho la afya. Mtu asiyepumzika huumwa mgongo na kichwa, hulala vibaya na hasira huwa karibu. Kuna pia viuatilifu. Anayenyunyizia dawa bila glovu, barakoa na buti anaweza kurudi na sumu kwenye nguo, na mtoto wake mdogo akamrukia mlangoni. Mwalimu, badili nguo hukohuko shuleni, nawa kwa sabuni, na nguo za dawa zifuliwe peke yake. Wanafunzi wasishike bomba la dawa, na makopo yake yasigeuzwe vyombo vya maji.

Wazazi tunaweza kufanya nini? Kwanza, bodi ya shule ipange zamu za likizo zikihusisha walimu wengine, mlinzi na wazazi wanaoishi jirani, ili mwalimu apate angalau wiki mbili bila kupigiwa simu ya mbuzi. Pili, vifaa vya kujikinga viingie kwenye bajeti kama chaki inavyoingia. Fedha za mboga zinazouzwa zianzie hapo. Tatu, mwalimu mgeni aunganishwe na ofisa ugani wa kata na mwenzake mzoefu wa shule jirani, asihangaike peke yake.

La mwisho linatuhusu sote. Mtoto akikosea, asipelekwe kulima kama adhabu. Tukifanya hivyo tunamfundisha kwamba jembe ni la wakosaji, kisha tunamtaka mwalimu amfundishe kulipenda. Kazi hiyo inamvunja moyo hata mwenye wito.

Kikao cha wazazi kijacho, nyoosha mkono uulize: likizo ya Desemba, zamu ya kuku ni ya nani?

Tukutane wiki ijayo.