Harusi ya Marekani kwenye tele ya Buyenzi

 

Mwezi uliopita wazazi watatu walitujia shuleni na swali moja. Watoto wao walio ng'ambo wanatuma video, na familia nzima inajibana kwenye kioo kimoja kidogo. Je, picha iliyo ndani ya kompyuta inaweza kuonekana kwenye televisheni bila kumaliza mega? Tunajibu: inaweza. Tena hatusemi kwa kusikia, tulifanya wenyewe Bujumbura, na kabla ya kufaulu tuliaibika kidogo.

Tulikuwa walimu wawili. Tulipata ruhusa ya kutoka kambini kwa shughuli ya shule, tukalala Buyenzi kwa mama mkubwa wa mmoja wetu. Wanaoijua Buyenzi wanajua: njia zina namba, mafundi wa magari kila kona, na Kiswahili ni cha nyumbani tangu wakati wa wakoloni, kwa hiyo Mkongomani akifika pale hajisikii mgeni sana. Mama mkubwa ana binti aliyepelekwa Marekani mwaka 2019. Ameolewa huko. Video ya harusi, saa mbili na robo, ililetwa na msafiri kwenye flashi, ikawekwa kwenye laptopu ya kaka wa bibi harusi.

Sasa bibi yao, mzee ambaye macho yamechoka, alikuwa amempelekea mjukuu kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Tangu video ifike anauliza swali moja tu: alikivaa au hakukivaa? Watu wakiangalia kwenye laptopu, huyu anasema ndicho, yule anasema sicho. Bibi mwenyewe akisogea anaona rangi tu zinatembea.

Tukasema, si sisi ni walimu? Tukachomeka flashi nyuma ya tele. Tele ikaandika kwamba faili haijulikani. Mpaka hapo hatukuelewa, lakini sasa tumeelewa: video ni kama mfuko. Nje umeandikwa jina, ila kilichofungwa ndani kinaweza kuwa cha aina ambayo tele ile haikufundishwa kukifungua. Laptopu inajua aina nyingi zaidi.

Kaka akasema, wacha tuipandishe kwenye intaneti, halafu tuifungue kwenye tele. Mega za wiki nzima zikaisha hata nusu ya video haijapanda! Hebu fikirini safari yenyewe: picha inatoka Buyenzi, inavuka bahari, halafu inarudi Buyenzi, na laptopu na tele ziko hatua mbili tu. Na hata ingepanda, kuitazama nako kunakula. Saa moja ya picha ya kawaida hula karibu GB 1, na picha kali inaweza kufika GB 3.

Jirani mmoja, kijana wa kuonyesha mpira, alitucheka. Akatuambia tuwashe hotspoti ya simu, lakini tuzime intaneti ya simu. Tukamwangalia kama mtu anayetania. Kumbe simu bado inatengeneza mtandao mdogo wa nyumba. Laptopu ikaingia kwenye mtandao huo, na tele ikaingia kwa ufunguo uleule, kwa sababu ilikuwa tele ya kisasa yenye Wi-Fi. Tukagusa faili kwa kitufe cha kulia, tukachagua kuituma kwenye kifaa, na jina la tele likatokea. Mega zilizotumika: sifuri. Barabara ni ya ndani ya nyumba, nani atakudai nauli?

Jambo hili si la uchawi wala si jipya. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, walianza kutengeneza programu ya kupitisha picha za televisheni kwenye mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 waliifungua ili kila mtu aitumie bure, na ndiyo ile VLC yenye alama ya koni ya barabarani mnayoiona kwenye kompyuta nyingi. Mwaka 2003 makampuni ya vyombo yalikaa pamoja wakaanza utaratibu unaoitwa DLNA, ili tele ya huyu isikilizane na kompyuta ya yule.

Basi harusi ikaanza, tukapiga makofi. Baada ya dakika tano ikakwama. Ikaendelea, ikakwama. Laptopu ilikuwa ya zamani, inaigeuza video iwe ya aina ambayo tele inaielewa, papo hapo inaituma, mpaka chini ikawa moto kama pasi. Kijana wa mpira akaenda kwake akaleta waya wa HDMI. Upande mmoja laptopu, upande mwingine tele, ukachaguliwa mlango wa HDMI kwa rimoti, kwisha. Kwa waya huo laptopu inafanya kazi ya kufungua mfuko, tele inakuwa kioo tu. Sauti nayo inapita humohumo. Kwa maoni yetu, kama una waya, achana na mengine.

Umeme ukakatika saa tatu usiku. Laptopu ikaendelea kwa betri, tele ikafa. Watoto wakarudi kwenye kioo kidogo, bibi akakataa. Akasema atangoja.

Umeme ulirudi karibu saa tano. Mama mkubwa akatuamsha wote. Kwenye saa moja na dakika arobaini bibi harusi anaingia mara ya pili, amebadilisha nguo. "Simamisha hapo," bibi akasema. Akainuka, akasogea mpaka kwenye kioo, akashika bega la mjukuu wake kwa kidole.

"Wamekata mikono mifupi," alisema. Kisha akakaa, na hakuna aliyethubutu kuiondoa ile picha kwa muda mrefu.

Tuseme mawili kabla nafasi haijaisha. Ukitumia njia ya mtandao, usifungue kompyuta nzima. Weka video kwenye folda yake, ruhusu hiyo folda tu, halafu ukimaliza funga. Wengi wetu tumehifadhi picha za vyeti na karatasi za faili zetu humohumo, na jirani uliyempa ufunguo wa Wi-Fi anaweza kuziona.

Pili, wenye tele ya zamani yenye matundu matatu, njano, nyeupe na nyekundu: usidanganywe sokoni ukauziwa waya mtupu. Unahitaji kisanduku kidogo cha kugeuza HDMI, chenye sehemu yake ya umeme, na uhakikishe kinatoka HDMI kwenda kwenye matundu hayo, maana vipo vya kinyume na vinafanana sana.

Wenye flashi walete Jumamosi baada ya masomo ya asubuhi. Waya tunao, yule kijana alituachia.