Safari ya Amboni isiishie mlangoni mwa pango

Mgeni anayekwenda kutazama Mapango ya Amboni hutumia saa moja, akizidisha sana mbili. Hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji mwenye tochi, huinama na kupanda gizani, hutoka ametota jasho na nguo zinanuka popo, kisha gari hugeuzwa na kurudi Tanga mjini. Ukijumlisha alichoacha nyuma yake ni kiingilio chenyewe na pengine soda moja. Mkulima wa machungwa wa Muheza, mama lishe wa Kigombe na mvuvi wa Mtang'ata hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Lawama za hali hii kwa kawaida hupelekwa serikalini: barabara, matangazo, vyoo. Upo ukweli katika madai hayo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tatizo ni namna safari yenyewe inavyopangwa. Anayeipanga yuko Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, na yeye anajua jina moja tu, Amboni. Wanaojua mengine yote wamekaa kimya wakisubiri basi lisimame.

Basi halisimami kwa bahati. Linasimama pale ambapo dereva na kiongozi wa msafara walikwisha kujua, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba kuna chakula, choo safi na kitu cha kutazama, na bei zake.

Mapango yenyewe yana sifa ya kutosha kumvuta mtu kutoka mbali. Yako kiasi cha kilomita 8 kaskazini mwa Tanga mjini, pembeni mwa barabara iendayo Horohoro na Mombasa, jirani na kijiji cha Kiomoni na mto Mkulumuzi. Yamechongwa na maji katika mawe ya chokaa ambayo wataalamu wanayakadiria kuwa na umri wa miaka milioni 150. Wakati wa ukoloni, mwaka 1937, eneo hilo liliwekwa chini ya hifadhi, likatunzwa na kampuni ya mkonge ya Amboni, na mwaka 1963 likakabidhiwa idara ya mambo ya kale. Sasa lipo mikononi mwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Yapo mapango 10, lakini wageni hutembezwa katika moja.

Ndani humo mwongozaji ataonyesha mawe yaliyoning'inia kwa umbo la mnyama huyu na yule, atasimulia habari za Osale Otango aliyewasumbua Wakoloni miaka ya 1950 na kudaiwa kujificha humo, na atapita mahali ambapo watu bado huleta sadaka za mzimu. Atasema pia kuwa njia moja hutokea Mombasa. Hadithi hiyo ni tamu na inauza, ila wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliopima mwaka 1994 waliona kuwa pango refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Mwongozaji hodari husema yote mawili, na mgeni hucheka na kumpa bahashishi.

Anayepanga ziara hana budi kuepuka masika. Kuanzia Machi hadi Mei njia ya kuingilia mapangoni huwa tope na mto hujaa. Avae viatu visivyoteleza, maana kanda mbili mapangoni ni balaa, na abebe tochi yake mwenyewe. Mwenye pumu afikiri mara mbili, na mwenye mwili mkubwa aulize kwanza, kwa kuwa zipo sehemu za kupita kwa kujibana. Akifika saa tatu asubuhi, kufikia saa tano amemaliza, na akitaka anaweza kupitia chemchemi za maji moto ya kibiriti za Galanos zilizo jirani.

Hapa ndipo safari nyingi huishia, na ndipo fedha zinapopotea. Saa tano asubuhi siku bado mbichi. Kutoka mapangoni hadi Kigombe, wilayani Muheza, ni kama kilomita 40 tu, ukipita Tanga mjini na kushika njia ya Pangani. Njia hiyo kwa miaka mingi ilikuwa sababu halali ya madereva kukataa. Lakini mkataba wa kuweka lami kilomita 50 za kutoka Tanga hadi Pangani ulitiwa saini mwaka 2019, na kisingizio hicho kinazidi kupungua nguvu.

Katikati ya njia iko Tongoni, yenye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo zaidi ya 20 yaliyojengwa karne kadhaa zilizopita. Wageni wachache huteremka hapo na wengi hawajui historia yake ya biashara, ambayo ingepasa kuwafurahisha wasomaji wa kurasa hizi kuliko watu wengine wote. Mwezi Aprili 1498 merikebu mojawapo ya Vasco da Gama ilikwama kwenye miamba ya pwani hii. Mwandishi wa msafara ule aliandika kwamba mitumbwi ya wenyeji iliwafikia ikiwa na machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Januari mwaka uliofuata Wareno walirudi hapo hapo wakiwa wamepungua kwa maradhi, wakaichoma merikebu hiyo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha, na muda wote waliokaa walinunua kuku kutoka kijijini kwa kubadilishana na mashati na bangili.

Watu wa Mtang'ata, kwa maneno mengine, hawakungoja wageni wateremke. Walipakia machungwa mtumbwini wakawafuata. Leo, zaidi ya miaka 500 baadaye, basi la wanafunzi hupita katika mkoa huo huo wa machungwa likiwa limebeba juisi ya maboksi kutoka mjini.

Kigombe kina mambo yake yasiyopatikana Amboni. Bahari iliyo mbele ya kijiji hicho imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, ambayo inafuata pwani kwa karibu kilomita 100 kutoka kaskazini ya mlango wa mto Pangani. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu wa dunia waliamini alikwisha kutoweka zama za mijusi wakubwa, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa pwani ya Tanga, wa Kigombe wakiwamo, walianza kuwanasa katika nyavu za papa miaka ya 2000. Mgeni hatamwona akiwa hai, kwani huishi kwenye vina virefu, na yeyote anayemwahidi hivyo anamdanganya. Lakini kusimuliwa habari zake na mvuvi aliyepata kumtoa wavuni ni jambo ambalo mtu anaweza kulilipia.

Halafu yapo matumbawe. Mpango wa hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga ulipoanza mwaka 1994, Kigombe kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza kukaa kitako na kukubaliana miamba ipi ifungwe ili samaki wazaliane na ipi ivuliwe. Makubaliano hayo yaliwagharimu wavuvi chakula cha siku nyingi. Wakati huo huo mabaruti ya watu wachache yalikuwa yakiivunja miamba kwa sekunde moja, miamba iliyochukua miaka mingi kukua. Mwenye mashua anayepeleka wageni kuogelea juu ya mwamba ulio hai ana sababu ya mfukoni ya kumripoti mlipuaji. Mwamba uliokufa hauna mgeni, wala hauna changu.

Saa ina umuhimu kuliko kitu kingine chochote katika kupanga siku ya Kigombe, na hili ndilo wapangaji wa mjini wasilolijua. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo mwamba hubaki wazi, akina mama hutoka na vijiti vyao kutafuta pweza, na mgeni anaweza kutembea mbali kwa miguu. Siku za maji mafu mambo hayo hayapo. Basi likifika saa tisa mchana katika bamvua litakuta maji yanajaa na watu wamekwisha kutawanyika. Kwa hiyo mpango wenye busara ni mapango siku ya kwanza asubuhi, Tongoni mchana, kulala upande wa Kigombe au Pangani ambako nyumba za wageni za ufukweni zipo, na bahari siku ya pili. Usiku huo mmoja ndio wenye thamani. Anayelala anakula mara tatu, anakunywa dafu, ananunua samaki wa kubeba, na asubuhi anauliza wapi atapata mkeka au kikapu.

Chukulia darasa la wanafunzi 40 na walimu watatu. Sahani 43 za wali wa nazi na samaki zinahitaji nazi, mchele, kuni, samaki na mikono ya kina mama wasiopungua wanne. Karibu vitu vyote hivyo, ukiondoa mchele, vinapatikana umbali wa kutembea. Mama lishe mmoja hawezi kazi hiyo, lakini kikundi kinaweza, mradi kipewe taarifa siku mbili kabla na malipo ya awali ya kununulia vitu. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sufuria kubwa, meza na choo cha kudumu ni maombi yanayoeleweka mezani kwa ofisa maendeleo ya jamii kuliko neno tupu la "biashara".

Ni lazima pia kusema jambo lisilopendeza. Tabia ya kupandisha bei ya dafu mara tatu akionekana mgeni imewafukuza wengi katika pwani hii, na wanaofukuzwa kwanza ni Watanzania wenzetu, ambao ndio wangeweza kurudi kila likizo. Wenye mashua nao wasimpakie mtu bila jaketi okozi, na wahakikishe kibali cha kuingiza wageni hifadhini kipo mkononi. Ajali moja itafunga biashara ya kijiji kizima. Amboni kulipotokea mapambano ya silaha mwaka 2015 katika mapango mengine, wageni walilikwepa hata pango la utalii ambalo halikuhusika.

Hakuna anayemshauri mkulima aache shamba akamngoje mtalii. Wageni huja kwa msimu, na kusi ikivuma mashua za kutembeza watu hukaa ufukweni. Hii ni fedha ya juu ya fedha nyingine, ya ada na ya bati.

Likizo ya shule ya Juni haiko mbali na msimu wa machungwa ya Muheza. Serikali ya kijiji cha Kigombe inaweza, kabla ya hapo, kukaa na wavuvi, mama lishe na wenye mashua, wakaandika karatasi moja: bei ya sahani, ya dafu, ya kutembezwa mwambani, tarehe za bamvua za miezi mitatu na namba ya simu ya kikundi. Nakala za kwanza wapelekewe waongozaji wa Amboni, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa kila siku na wageni, wakitoka pangoni saa tano, sasa twende wapi.