PANYA WA DARINI

Wahenga walisema kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Panya wa darini hawana hata haja ya kuchimba, maana wamekuta tundu limekwisha achwa na fundi, pale bomba lipitapo ukutani au bati lisipolala sawasawa juu ya boriti.

Wenzetu wakaao katika nyumba za kazi wamelalamika mara nyingi juu ya jambo hili. Pamba iliyotandazwa darini ili kuzuia joto la bati imekuwa malazi mema ya panya. Huzaa humo, na mimba yao ni ya wiki 3 tu. Meno yao, yasiyoacha kukua, huguguna nyaya za umeme hata nyumba ikawa katika hatari ya kuungua. Nasi tukipeleka ombi la matengenezo, jibu aghalabu ni pakiti ya sumu.

Twasema wazi kwamba sumu peke yake haitoshi. Panya aliyeila hufia ndani ya pamba, mahali pasipofikiwa na mkono, na uvundo wake hukaa siku nyingi. Tena mwili ukipoa, viroboto huuhama na kutafuta damu nyingine. Tauni iliyozuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikarudi-rudi kwa zaidi ya miaka 20, yatukumbusha kwamba kiroboto wa panya si jambo la mzaha.

Yafaa kufuata utaratibu. Kwanza, matundu yote yazibwe kwa saruji au wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 6, na matawi yagusayo paa yakatwe. Pili, mitego itegwe darini mpaka siku kadhaa zipite bila kunasa kitu. Tatu, mavi na pamba iliyochafuka visifagiliwe vikavu, bali vilowanishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha mtu aliyevaa glavu na kujifunika pua avitoe.

Kufunika nafaka na kusafisha jiko ni wajibu wetu wenyewe, wala tusimtwike mtu mwingine. Lakini paa si mali ya mpangaji. Yeye huhamishwa, na panya hubaki kumngojea ajaye. Basi kila mwanachama aandike ombi lake, ataje tundu na mahali lilipo, na aweke nakala. Tuombe wavu na saruji, tusiombe sumu.